Tanuru la Baba na Pampu ya Reijo

7 Oktoba

Daktari amenipa daftari. Anataka niandike kila siku Baba amekula nini, amelala kwa muda gani, amesahau nini. Haya. Amekula uji wa shayiri na samaki wa chumvi. Amelala mchana kwa saa moja na nusu. Amesahau kwamba Mama amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita, au amejifanya kusahau, maana nilipompa kahawa aliionja akasema, "Helvi angetia sukari bila kuambiwa."

Jina langu Airi Lahtela. Nina miaka hamsini na saba. Nilikuwa karani wa shule ya msingi hapa Thunder Bay, nikaacha kazi kabla ya wakati ili nimtunze mzee huyu wa miaka themanini na mitatu. Hakuniomba. Hajawahi kunishukuru pia.

9 Oktoba

Nimenunua daftari jingine kwa ajili ya daktari. Hili nalibakiza, liwe langu.

12 Oktoba

Theluji ya kwanza, nyembamba, imeyeyuka kabla ya saa sita.

Mdogo wangu Reijo amekuja kukagua tanuru kabla baridi haijakaza. Ndiyo mara ya kwanza anaingia nyumba hii tangu Pasaka. Baba alikuwa fundi wa matanuru ya gesi kwa miaka arobaini na mmoja, na nusu ya nyumba za upande huu wa mji alizifungia yeye. Reijo alianzia kwake. Siku hizi anauza na kufunga pampu za joto, na picha yake imebandikwa ubavuni mwa gari lake, meno yote nje.

Alishuka chumba cha chini na kamera yake ndogo yenye shingo ndefu kama nyoka. Alipopanda alikuwa na sura ya mtu aliyetoka msibani.

"Baba, lina ufa."

"Ufa wapi?"

"Kwenye chuma cha ndani, pale moto unapowaka. Hewa ya sumu ikipenya hapo ikaingia nyumbani, wewe na dada mtalala msiamke." Akamwonyesha picha kwenye simu.

Baba aliisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua. "Hili si langu. Chuma cha langu kina mikunjo minne. Hili lina mitano."

"Baba, ni macho yako."

"Macho yangu yanaweza kuhesabu mpaka tano. Wewe ndiye uliyeshindwa kuhesabu mpaka moja."

Hapo nikajua tumefika kulekule. Reijo alipokuwa na miaka ishirini na miwili alikagua tanuru la familia moja, akaacha ufa bila kuuona. Watu wanne walilazwa, wakapona. Baba alimfukuza kazi mbele ya mafundi wote, na tangu siku hiyo anamwita Kipofu. Alimwita hivyo kwenye harusi yake. Alimwita hivyo kwenye mazishi ya Mama, kasisi akisikia.

Reijo alitoa lebo nyekundu, ile inayotundikwa kwenye chombo cha hatari, akaifunga kwenye bomba, akazima valvu ya gesi.

"Mlete fundi mwingine," Baba akaniambia.

"Wa nini?"

"Ahesabu mikunjo."

Nililichukua daftari la daktari mezani, nikamsomea mbele ya Reijo: tarehe nane alisahau jina la jirani, tarehe kumi alitia soksi kwenye friji. "Endelea kuhesabu, Baba," nikasema. Reijo alicheka. Nami nikacheka. Ilikuwa miaka mingi hatujacheka pamoja.

20 Oktoba

Pampu imefungwa. Nje, nyuma ya nyumba karibu na mlango wa jikoni, limesimama sanduku jeupe lenye feni kubwa. Ndani linatumia mifereji ileile ya hewa na matundu yaleyale sakafuni. Tanuru la zamani limebaki chini na lebo yake. Reijo amesema atakuja kulibeba.

"Tanuru linachoma gesi ili litengeneze joto," alimweleza Baba, kwa sauti ya mtu anayesema na mtoto. "Pampu haichomi kitu. Inaokota joto lililoko nje, inaliingiza ndani."

"Joto gani lililoko nje, Januari, katika mji huu?"

"Lipo, Baba. Dogo tu."

"Kama akili yako."

23 Oktoba

Baba ameweka kiganja juu ya tundu la hewa. "Inapuliza baridi."

Nimemwonyesha kipimajoto cha ukutani. Nyuzi ishirini na moja.

2 Novemba

Ni kweli kwamba haifanani. Tanuru lilinguruma, likatupa hewa ya moto kama mdomo wa jiko la mwoka mikate, soksi zilikauka hapo kwa dakika kumi. Kisha likazima, nyumba ikaanza kupoa, likanguruma tena. Pampu haingurumi. Inapuliza mchana kutwa hewa ya vuguvugu, polepole, kama mgonjwa anayepumua. Nyumba haipandi wala haishuki. Mimi naipenda. Kichwa hakiniumi tena asubuhi.

Baba amefunga kipimajoto cha kupikia nyama kwenye tundu. "Thelathini na nne," akatangaza. "Tanuru langu lilikuwa hamsini na tano. Mwili wa mtu ni thelathini na saba. Hewa iliyo chini ya mwili wako inakunyang'anya, haikupi."

Hesabu yake si ya mtu aliyechanganyikiwa. Sikuiandika kwenye daftari la daktari. Niliandika: amefunga kipimajoto cha nyama sakafuni.

11 Novemba

Amevaa koti ndani ya nyumba. Na kofia.

12 Novemba

Koti.

13 Novemba

Koti. Amekula nalo. Supu imemwagikia mkono wa koti na amekataa livuliwe.

24 Novemba

Mvua imeganda juu ya nyaya, umeme umekatika tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba. Baba aling'aa kama bwana harusi. "Unaona? Pampu ya Kipofu imekufa. Tanuru langu lingekuwa linawaka."

"Na feni ya tanuru lako ingezungushwa na nini, Baba? Mate yako?"

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Fundi wa miaka arobaini na mmoja, anajua vizuri. Tanuru halipulizi bila umeme. Tulikaa tumejifunika mablanketi, kila mmoja pembe yake, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwezi mzima.

8 Desemba

Theluji ya magoti.

Pampu imekuwa ikitoa sauti ya kukwaruza. Nimetoka, nikakuta theluji imeshindiliwa nyuma ya sanduku mpaka juu, pale inapovutia hewa. Nilidhani ni upepo. Upepo haushindilii kwa beleshi. Alama za beleshi zilikuwa wazi kama meno kwenye siagi.

Nimeisafisha.

10 Desemba

Tena.

13 Desemba

Leo nimemwona kwa dirisha la jikoni. Amevaa buti za Mama, anajaza beleshi, anashindilia, anapumzika, anashindilia. Aliporudi uso ulikuwa mwekundu, kamasi zimeganda kwenye masharubu. Ameketi akaweka kiganja kwenye tundu, akanitazama. "Unasikia baridi hiyo? Ndiyo kazi ya ndugu yako."

Nilingoja mpaka alipolala mchana, nikaenda kuisafisha.

25 Desemba

Reijo na mkewe hawakuja. Ham, kabichi, mkate wa iliki. Baba alisema mkate ni mkavu. Helvi, Helvi, Helvi. Nilipokuwa nikiosha vyombo alisema kwa nyuma yangu, bila hasira yoyote, "Karani. Maisha yako yote umeandika yaliyofanywa na wengine."

Nimekichukua kile kipimajoto cha nyama, nimekitupa takatakani. Amekitafuta jioni nzima akitambaa sakafuni. Nilimwandikia daktari: anatafuta vitu visivyokuwepo.

9 Januari

Chini ya sifuri nyuzi thelathini na mbili. Ziwa linafuka moshi. Pampu imefikia mwisho wa nguvu zake, hita ya akiba ya umeme imejiwasha yenyewe kama Reijo alivyosema. Bado nyumba ilishuka mpaka kumi na saba, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kuizika mashine asubuhi, na mimi nilikuwa sokoni.

Reijo alikuja. Aliiona theluji, akaziona buti za Mama mlangoni zikidondosha maji, akaelewa. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa mbele ya Baba, karibu sana.

"Ukifanya hivyo tena, nitawaambia madaktari wakutafutie kitanda kule kwa wazee. Dada ana daftari zima. Karatasi zote zipo tayari, ni kutia sahihi tu."

Baba alinitazama. Nilikuwa nimeshika daftari. Sijui kwa nini nilikuwa nimelishika.

25 Januari

Reijo amewaleta wateja, mume na mke wa makamo, waone pampu inavyofanya kazi siku ya baridi ya nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Hakuniuliza kama nakubali. Alinipigia simu wakiwa njiani.

"Karibuni, karibuni. Oneni ilivyo kimya. Na huyu ni baba yangu, fundi wa gesi miaka arobaini na mmoja. Hata yeye siku hizi hataki kusikia habari za gesi. Au siyo, Baba?"

Baba alikuwa kwenye kiti chake, na koti lake, na kofia yake yenye masikio.

"Mbona amevaa koti?" mke akauliza.

"Ah, wazee. Damu inakuwa nyembamba." Reijo akagusa kichwa chake kwa kidole, kidogo, na wale wawili wakaelewa, wakamtabasamia Baba kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa jirani.

"Waambie mikunjo mingapi," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Mingapi, Reijo?"

"Mingi tu, Baba. Mingi." Wateja wakacheka. Nilikuwa nawamiminia kahawa. Nilicheka pia, kwa adabu.

Walipoondoka kiti kilikuwa kimelowa. Nilimbadilisha nguo. Hiyo sikuiandika popote ila hapa.

4 Februari

Nitaandika kama ilivyotokea.

Asubuhi ilikuwa chini ya sifuri nyuzi thelathini na moja, na upepo. Saa nne nilikuwa nakanda unga. Nikasikia mlango wa jikoni, nikachungulia dirishani. Baba, buti za Mama, beleshi. Anaizika tena, baada ya yote aliyoambiwa. Nikafikiri: mimi ndiye nitakayekwenda kuifukua. Mimi ndiye nitakayeshika simu Reijo akifoka. Nikafuta mikono, nikaenda mlangoni, nikasukuma komeo la ndani. Dakika tano, nikasema. Aionje hiyo baridi anayoipenda.

Nikarudi kwenye unga.

Alijaribu mlango. Nilisikia ufunguo ukiingia, ukigeuka, mlango ukisukumwa, komeo likizuia. Akasubiri. Akagonga kwa mpini wa beleshi mara tatu. "Airi." Hakupaza sauti. Nilitazama saa ya ukutani. Zilikuwa dakika nne.

Simu ikalia. Alikuwa Reijo. Anataka kuleta wateja wengine Jumamosi, safari hii watatu, na nimvalishe Baba shati zuri. Nikamwambia hapana. Akaniambia bila yeye tungekuwa tumekufa kwa sumu. Nikamwambia bila mimi angekuwa anaosha mikojo. Akasema mimi nilikuja kwa ajili ya nyumba. Nikasema mke wake hajawahi kuleta hata sahani ya chakula. Tulitoa yote, ya miaka thelathini. Nilikuwa nimepeleka simu sebuleni ili unga usiingie humo. Nilipokata nilikaa, nikashusha pumzi. Kisha nikatazama saa.

Dakika arobaini na tatu.

Nasema ukweli: nilikuwa nimesahau kwamba nina baba.

Alikuwa ameketi ngazini, mgongo kwa mlango. Glavu zilikuwa kando yake zimeganda. Alizivua ili ashike ufunguo. Ufunguo bado ulikuwa kitasani. Vidole vilikuwa vyeupe kama mishumaa, na nilipovigusa vilikuwa vigumu kama mishumaa. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama. Na nyuma yake, kwa sababu hakuwahi kuimaliza kazi yake, feni ya pampu ilikuwa inazunguka vizuri kabisa. Ndani kipimajoto kilisoma ishirini na moja.

5 Februari

Hospitali. Wanasubiri kuona ni vidole vipi vitakavyopona.

Daktari wa zamu alimuuliza, mimi nikiwa hapo, imekuwaje akakaa nje muda wote huo. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Baba akasema, "Kitasa kiliganda. Binti yangu alikuwa kwenye simu, hakunisikia."

Nilitoka nikaenda kujifungia msalani, nikalia mpaka mhudumu akagonga.

6 Februari

Reijo amekuja. Swali lake la kwanza pale kitandani: "Mashine haikuharibika?"

19 Februari

Wamekata. Mkono wa kulia vidole vyote, wa kushoto vitatu.

20 Februari

Alizinduka, akaitazama mikono yake iliyofungwa bandeji, akasema, "Sasa hata kuhesabu mikunjo siwezi." Muuguzi alidhani anapayuka.

27 Februari

Nimemrudisha nyumbani. Namlisha, namvalisha, namfuta. Sichoki. Nimemjua mtu huyu miaka hamsini na saba nikidhani hana hata tone la huruma, naye akanifunika mbele ya madaktari kwa sentensi mbili, mikono yake ikiwa inaoza. Nimeweka sukari kwenye kahawa bila kuambiwa. Amekunywa yote.

Daftari la daktari nimelichoma kwenye kuni za sauna, chumba chetu cha mvuke. Nitasema limepotea.

4 Machi

Leo nimefanya lile aliloniomba Oktoba. Nimemwita fundi mwingine, mwanamke mmoja Mojibwe, wa wenyeji wa asili wa hapa, aitwaye Roxanne Moonias, ambaye hajuani na Reijo. Alishuka chini na taa na kamera yake. Baba alitaka ashushwe pia. Tulimbeba na kiti, Roxanne mbele, mimi nyuma.

Roxanne alifungua tanuru. Alichukua dakika ishirini. Nilimwonyesha picha ya Reijo, ile ya ufa, aliyokuwa amenitumia.

"Hii picha imetoka wapi?" akauliza.

"Humo."

"Dada yangu, hapana. Hesabu mwenyewe." Akanishika mkono akaniinamisha, akanimulikia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. "Hili la kwenye picha ni la aina nyingine kabisa. Hili lako ni la zamani, linakula gesi ovyo, lakini halina ufa. Aliyelifunga alijua kazi yake."

"Ni mimi," Baba akasema.

"Mzee, basi shikamoo," Roxanne akasema, na hakuwa anatania. Aliikata ile lebo nyekundu, akalipima tanuru mara mbili, akaliwasha.

Lilinguruma. Nilikuwa nimeisahau ngurumo ile. Hewa ilipopanda juu nyumba yote ilinuka vumbi lililoungua. Baba alitaka apelekwe kwenye tundu lake. Alinyoosha mikono, ngozi ile mpya ya waridi, akaishikilia hapo muda mrefu.

"Sisikii kitu," akasema. "Ongeza."

Niliongeza. Mimi nilikuwa natokwa na jasho.

"Ongeza."

5 Machi

Nimekwenda kwa Reijo. Mwaka wa sita sasa sijakanyaga kwake. Mkewe alifungua mlango, na kabla hajasema kitu nilipigwa usoni na hewa ya moto, kavu, kutoka tundu la sakafuni. Unaijua hewa ile ukiwa umekulia ndani yake.

"Una tanuru la gesi," nikamwambia Reijo alipotokea.

"Mke wangu ana baridi yabisi. Anataka hewa yenye moto." Hakuona haya hata kidogo. "Pampu ni mashine nzuri, dada. Sikukufungia takataka."

"Roxanne Moonias amehesabu mikunjo."

Akaketi. Nilitaka akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima.

"Minne," akasema.

"Ulijua?"

"Niliiona nilipokuwa na miaka kumi. Nilimshikia taa siku alipolifunga." Alikuwa anatazama mikono yake. "Picha niliitoa nyumba nyingine. Nilitaka aone anavyojisikia mtu akiambiwa amekosa, mbele ya watu, na asiaminiwe. Msimu mmoja tu. Mwezi wa nne ningemwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno."

"Amekatwa vidole."

"Mimi sikumfungia mlango, Airi."

Sikuuliza amejuaje. Reijo ni fundi. Anajua kwamba kitasa kikiganda ufunguo haugeuki, na ule ufunguo aliukuta kitasani umegeuka alipokwenda kuitazama mashine yake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kilomita tano, sikusikia baridi.

13 Machi

Amekula vizuri.

16 Machi

"Fungua kifungo. Si hicho. Fungua. Kuna mkunjo kwenye soksi. Nivue. Umenivisha vilevile, nivue tena." Mara nne. Namvisha mara ya tano. Sijachoka, nasema. Nyumba ina nyuzi ishirini na nane. Mimi natembea na fulana, yeye amevaa koti.

18 Machi

Theluji inaanza kuporomoka paani. Maji yanatiririka barabarani.

Leo asubuhi nikimlisha uji nilimuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu hospitali kama mtu anavyobeba zawadi.

"Baba, kwa nini uliwaambia kitasa kiliganda?"

Alimeza kwanza. "Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli. Ulisikia komeo."

"Nilisikia. Ningesema, wangekuchukua wewe. Wewe ukichukuliwa, mimi ningepelekwa kwa Reijo." Akafungua kinywa asubiri kijiko. Nilipokawia akasema, "Nyoosha mkono, karani. Uji unapoa."

Nilimlisha mpaka bakuli likaisha. Nikamfuta mdomo. Nikaosha bakuli, nikaosha kijiko, nikavikausha, nikaviweka kabatini. Kisha nikampigia Reijo.

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, picha ya ufa ninayo, na jina la Roxanne ninalo, na wanaotoa leseni za mafundi wa gesi wana simu. La pili, Jumamosi aje na gari amchukue Baba, akae kwake.

"Mke wangu hatakubali," akasema.

"Ana hewa yenye moto. Atamgawia."

"Nami nikisema habari za mlango?"

"Sema. Tutachukuliwa wote wawili, naye Baba atabaki na mkeo."

Nilimsikia akipumua, na pumzi yake ni ya Baba tupu.

19 Machi

Nimemwambia Baba kwamba atakwenda kwa Reijo. Nilitegemea matusi. Aligeuza uso ukutani.

20 Machi

Hajala.

21 Machi

Amekula kidogo. Aliniuliza kama buti za Mama zitaingia kwenye sanduku lake la nguo. Nikasema zitaingia.

22 Machi

Reijo amekuja saa tano. Mkewe hakuwemo garini. Hatukusalimiana. Tulimvalisha Baba sisi wawili, Reijo mkono huu, mimi mkono ule, na ilibidi tushirikiane kuipitisha mikono yake kwenye koti kwa sababu ngozi bado inauma. Hata mara moja Baba hakumwita Reijo Kipofu. Reijo alimshika kiunoni wakashuka ngazi za mbele polepole, barafu ikiwa imeyeyuka nusu, Baba akipima kila hatua kwa ncha ya buti.

Nilisimama mlangoni na sanduku. Nilikuwa na maneno, siyakumbuki sasa. Nyuma yangu tanuru lilinguruma likawaka, nikahisi hewa yake ikipita miguuni mwangu kwenda barabarani.

Reijo alimkalisha, akamfunga mkanda, akaja kulichukua sanduku, akaketi kwenye usukani. Baba alinitazama kupitia dirisha la gari, akagonga kioo kwa kiwiko mpaka Reijo akakishusha.

"Airi," akasema, bila kupaza sauti. "Funga mlango. Unatoa joto nje."

Nikaufunga.